Goti la Mfinyanzi

Mfinyanzi huja mimbarani kwetu kwa njia ya Yeremia 18, naye ni nadra tumwulize habari za mwili wake. Josiah Wedgwood (1730–1795), mfinyanzi wa Burslem nchini Uingereza, yafaa aulizwe. Ndui iliyompata utotoni iliharibu goti lake la kulia, nalo likamtesa hata tarehe 28 Mei 1768, alipokatwa mguu huo pasipo nusukaputi, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa haijajulikana bado.

Mwaka 1863, huko huko Burslem, mwanasiasa William Gladstone alihutubu kwamba ugonjwa ule ndio uliokuwa chanzo cha ukuu wake: aliyeshindwa kusukuma gurudumu kwa mguu aligeuza fikira zake ndani, akazitafakari siri za sanaa yake. Hotuba nzuri, nasi wahubiri twaijua njia hiyo. Mimi mwenyewe nimepata kumwambia mgonjwa maneno ya namna hiyo, naye akanigeuzia kisogo.

Lakini vyombo vyenyewe havikubaliani na Gladstone. Tarehe 13 Juni 1769, siku ya kufunguliwa kiwanda chake cha Etruria, Wedgwood aliketi penye gurudumu akafinyanga vyombo sita, mshirika wake Thomas Bentley akilizungusha. Mikono ilikuwa haijauacha udongo. Kilichopungua ni mguu, na mkono wa rafiki ukafanya kazi yake. Hata vile vyombo vya "jasper" vya miaka ya 1770, vya samawati hafifu vyenye sanamu nyeupe, vilitokana na majaribio ya maelfu yaliyotiwa namba na kuchomwa tanuruni. Hiyo ni kazi ya kuhesabu na kurudia, wala si zawadi ya maumivu. Tena, kwa maoni yangu, ina ubaridi: miili yake ni laini mno, haina kovu hata moja.

Luther alifundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanateolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi. Naona Wedgwood alilikaribia hilo katika medali ya mwaka 1787, iliyochongwa na William Hackwood kiwandani mwake: mtumwa Mwafrika amepiga magoti, amefungwa minyororo, anauliza kama yeye si mtu na ndugu. Walikuwapo waliodai kwamba utumwa ulimfaa mtumwa. Medali ile haikuwaachia nafasi: mnyororo umechongwa kuwa mnyororo.