Namba ya Kinande: Kazi ya Profesa Guthrie Yapimwa

Mtu wa Butembo akifungua kitabu cha wataalamu wa lugha, ataona karibu na jina la Kinande alama hii: D42. Upande wa pili wa milima ya Ruwenzori, katika Uganda, Kikonzo chaitwa D41. Ni nani aliyetupa namba hizi, nazo zina maana gani? Yafaa tujue, maana wako watu wanaozitumia vibaya.

Aliyezitoa ni Malcolm Guthrie, Mwingereza (1903–1972). Tangu 1932 mpaka 1940 alikuwa mmisionari wa Kibaptisti mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akaandika sarufi na kamusi ya Lingala. Kisha alifundisha katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1948 alitoa kitabu cha kupanga lugha za Kibantu, na kati ya 1967 na 1971 vikatoka vitabu vinne vikubwa vya kulinganisha lugha hizo.

Kwanza tumpe sifa anayostahili. Lugha za Kibantu ni mamia, na nyingi zina majina zaidi ya moja. Kinande yeye alikiita Ndandi. Wengine husema Kiyira. Palikuwa na fujo. Guthrie aligawa nchi zote za Wabantu katika maeneo, kila moja na herufi yake, tangu A mpaka S, akiruka herufi chache. Ndani ya kila eneo akaweka makundi, kila lugha na namba yake. Kinyanga ni D43, Kilega ni D25, Kiswahili ni G42. Hata leo mtaalamu wa Japani na wa Ubelgiji wakiandika D42, wanajua wanasema lugha ile ile. Faida hiyo ni kubwa.

Lakini kazi hii ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza: Guthrie aliangalia pia ujirani wa nchi, si udugu wa lugha peke yake. Mnande husema omundu. Mnyankole na Mganda husema omuntu. Sote twasikia ndugu hapo. Hata hivyo Kinyankole na Kiganda aliviweka katika eneo E, na Kinande katika D. Meeussen, mtaalamu wa Tervuren katika Ubelgiji, aliona shida hiyo, akakusanya lugha za Maziwa Makuu katika eneo moja. Akalipa herufi J, ambayo Guthrie aliiacha wazi. Ndiyo sababu siku hizi wengi huandika JD42.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Guthrie alikusanya mashina ya maneno zaidi ya 2,000, akahesabu lugha zipi zimehifadhi mengi yaliyoenea pote. Akaona ni zile za upande wa Katanga, akasema hapo ndipo Wabantu walipoanza kutawanyika. Joseph Greenberg wa Marekani alikataa. Alisema asili ni mpakani mwa Nigeria na Kameruni. Leo wataalamu karibu wote humfuata Greenberg. Guthrie alihesabu kwa uangalifu, lakini hesabu yake haikuweza kujibu swali lile. Akaaye njia panda husikia habari za kila kijiji, wala hakuzaliwa katika vyote.

Basi, wasomaji wa Beni na Butembo, tuwe na akili. Katika nchi yetu swali la nani alifika kwanza limemwaga damu, na wengine huonyesha ramani za lugha kana kwamba ni hati za shamba. Namba ya Guthrie haisemi shamba ni la nani. Kinyarwanda ni D61, katika eneo lile lile la Kinande. Na Meeussen naye aliviweka vyote viwili katika J. Anayetaka kuwatenga watu kwa ramani hizo, ramani zenyewe zinamkana.

Guthrie alitengeneza kabati zuri lenye droo nyingi. Kuzijaza ni kazi yetu. Vijana wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben na wazee wanaojua methali na majina ya miti wakae pamoja, waandike. Droo D42 isiyo na maneno ndani haimfai mtu.