Ufunguo Uliokuwa Kifuani

Wasomaji wengi wamekwisha kukisoma au kusomewa kitabu cha Safari ya Msafiri, kilichotungwa na John Bunyan na kupigwa chapa huko Uingereza mwaka 1678. Nami sitaki kukieleza chote. Nataka kunena hasa juu ya habari ya Mkristo na mwenziwe Tumaini walipofungwa katika Ngome ya Mashaka, kwa sababu naona habari hiyo hufundishwa mara nyingi kwa haraka, na haraka hiyo yawaumiza watu walio katika msiba.

Hufundishwa hivi: Mkristo alikuwa na ufunguo uitwao Ahadi, akafungua mlango, akatoka, basi mwenye imani hakai gerezani. Neno hili likifika katika nyumba ya matanga, mama aliyefiwa husikia jambo jingine, ya kwamba kama angaliamini sawasawa, mwanawe angalipona. Je, ndivyo alivyoandika Bunyan?

Tutazame kitabu chenyewe. Wasafiri wale waliiacha njia kwa kuwa ilichoma miguu, wakavuka ua wakapita majanini palipo laini. Usiku ukawakuta, na mvua, na asubuhi jitu liitwalo Kukata Tamaa likawakamata. Wakalala gizani tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, pasipo chakula wala maji. Jitu likawapiga kwa rungu. Kisha likawashauri wajiue wenyewe, kwa kisu, au kamba, au sumu. (Jitu hili lina mke, nalo hushauriana naye usiku kitandani, Bunyan alijua ya kuwa kukata tamaa hakukai peke yake nyumbani.)

Sasa angalieni: siku zote hizo ufunguo ulikuwa kifuani mwa Mkristo. Hakuupata Jumamosi, alikuwa nao alipopigwa, na alipoanza kuona ya kuwa kaburi ni afadhali kuliko shimo lile. Kwa hiyo Bunyan hakusema kwamba mwenye ahadi hafungwi. Alisema kwamba mtu aweza kuwa na ahadi ya Mungu mwilini mwake, na giza likawa nene hata asiikumbuke. Mtu huyo si kafiri. Ni Mkristo, tena ndiye mkuu wa hadithi.

Na ni nani aliyemshika asijiue? Ni Tumaini. Maneno yake ni madogo sana, nayo ndiyo niyapendayo kuliko yote katika sehemu hii. Hakuhubiri. Alimkumbusha kwamba kuua ni dhambi, akamkumbusha hatari alizokwisha kupita, kisha akasema, kwa maana yake, huenda jitu likafa, au likasahau kufunga mlango, au likashikwa tena na ugonjwa wake. Hayo tu! Mwalimu wa leo angeona aibu kumpa mgonjwa faraja ndogo hivyo. Lakini faraja hiyo ilimfikisha Mkristo usiku wa Jumamosi, walipoomba pamoja hata karibu na mapambazuko, na ndipo alipoukumbuka ufunguo. Hata hivyo kufuli la lango la chuma lilikuwa gumu kufunguka.

Aliyeandika haya hakuwa mtu wa kukaa kivulini akiwahubiria waliomo juani. Bunyan alikuwa fundi wa kutengeneza masufuria na vyombo vya chuma. Alitiwa gerezani Bedford mwaka 1660 kwa kuhubiri pasipo ruhusa, akakaa miaka 12. Angaliahidi kunyamaza, wangalimfungua. Nyumbani aliacha mke na watoto wanne, na mmoja wao, binti yake Mary, alikuwa kipofu; katika kitabu chake cha mwaka 1666 akiri ya kuwa kumfikiri mtoto huyo kuliuvunja moyo wake kuliko yote. Gerezani alitengeneza kamba za kufungia viatu na nguo, zikauzwa wapate kula.

Si ajabu basi kwamba Wakristo wa Madagaska, walipokatazwa dini na Malkia Ranavalona tangu 1835, walikinakili kitabu hiki kwa mkono na kupeana kwa siri. Waliofungwa humtambua mfungwa mwenzao.

Walakini kitabu kina mambo yanisumbuayo. Mwanzoni Mkristo huziba masikio na kuwakimbia mkewe na watoto wakimlilia. Najua ni mfano, lakini wanaume wa kwetu waliotoroka jamaa zao hawahitaji mfano wa kuwatia moyo. Nadhani Bunyan mwenyewe aliona upungufu huo, maana mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, na humo mke na watoto wasafiri, tena si peke yao, ila pamoja na vilema na waoga wengi.

Neno la pili ni mto wa mauti. Wasafiri waambiwa kwamba kina chake huwa kirefu au kifupi kwa kadiri mtu amwaminivyo Mfalme. Wako wanaolitwaa neno hili kumhukumu mtu afaye kwa taabu. Wasome zaidi! Mkristo ndiye aliyezama na kulia kwa hofu, na Tumaini akakishika kichwa chake juu ya maji. Yule Mjinga alivuka kwa raha katika mashua ya Tumaini la Bure, wala hakupokewa langoni. Basi kuvuka kwa wepesi si ushuhuda wa imani, na kuzama si ushuhuda wa kuikosa.

Katika sehemu ya pili lile jitu lauawa, na ngome yabomolewa. Humo wakutwa mzee mmoja aliyekaribia kufa kwa njaa, na binti yake aitwaye Mwenye Hofu Nyingi. Siku hiyo binti akacheza ngoma njiani na kilema mmoja, naye kilema akishika gongo lake kwa mkono mmoja. Hawakuambiwa kwamba imani yao ilikuwa haba. Walipewa chakula, wakachukuliwa pamoja na wengine. Na zamu yake ilipofika, binti yule aliuvuka mto akiimba, ila hakuna aliyefahamu maneno yake.