Pembe Bila Ndovu: Uhakiki wa Senti Yenye Tundu

Sarafu ndogo hupita katika mikono mingi kuliko kitabu chochote, ikiwemo mikono ya wasiojua kusoma. Kwa sababu hiyo mchoro wake unastahili kuhakikiwa. Nimechagua senti 10 ya Afrika Mashariki ya enzi ya ukoloni. Katikati ina tundu, na kandokando ya tundu zimechorwa pembe za ndovu.

Kwa ufundi, senti hii imefaulu. Tundu huiwezesha kutungwa kwenye uzi, na kidole huitambua hata gizani. Mkunjo wa pembe unafuata duara la sarafu bila kubana maandishi. Ninachokipinga ni maana. Shilingi ya wakati huohuo ina simba mzima, amesimama mbele ya milima. Kwenye senti, pesa ya mtu maskini, ndovu hayupo; zimebaki pembe tu.

Kwetu Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, hilo si pambo. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan. Katika kipindi hicho wawindaji walimiminika kufuata pembe, akiwemo Mskoti W. D. M. Bell. Mwaka 1914 tuliingizwa Uganda, tukapokea senti yenye pembe zilezile.

Huko Uskoti alikotoka Bell, wafanyabiashara wa Dundee walitoa sarafu zao wenyewe miaka ya 1790, wakachora majengo ya mji wao. Mchoro wao ulionyesha wanapoishi. Mchoro wa senti yetu ulionyesha kinachoweza kuchukuliwa kwetu.

Huenda mwenzangu akasema pembe ni alama ya utajiri, wala mchoraji hakuwa na nia mbaya. Sibishani juu ya nia. Lakini toleo la 1964 liliondoa jina la malkia likaacha pembe, na senti za Uganda huru za 1966 zikazibakiza. Mwenye duka alibadilika. Bidhaa ikabaki ileile.

Sarafu za Uganda tunazotumia leo zina ng'ombe, samaki na korongo. Kwangu hayo ni masahihisho, ingawa yalichelewa.