Mwenye Kopa Moja Mkononi

Shupaza nne: ree, kumi, saba na nne. Kopa moja tu, tena ya tano. Uru nne, mfalme na jeki wakiwa mbele. Pao nne chini ya malkia. Ndizo karata 13 nilizoziokota mezani Jumatano moja usiku, katika klabu ya Nairobi ninakochezea briji, na hadi leo nikifumba macho naziona zilivyopangana.

Aliyekaa kushoto kwangu alifungua mnada kwa Moja ya Kopa. Mwenzangu akatoa kadi ya kijani: pasi. Wa kulia akampandisha mwenzake: Mbili za Kopa. Zamu ikanifikia.

Kwa asiyeijua briji: wachezaji ni wanne, wawili wawili, na wenzi hukaa wakitazamana. Kabla ya karata yoyote kuanguka mezani kuna mnada, ambapo kila upande unaahidi utakula mizunguko mingapi kati ya 13, na turufu itakuwa ipi. Ukitangaza Mbili za Kopa unaahidi kula minane, kwa maana sita ya kwanza haihesabiwi katika dau. Wapinzani wakiona umejitapa wanaweza kukupiga dabo, yaani adhabu ya kushindwa iongezeke. Hiyo ndiyo maana ya asili ya dabo: hamuwezi, na mtalipa.

Halafu watu wakaigeuza. Mwaka 1912 au 1913 hivi, Charles Patton huko New York na Bryant McCampbell huko St. Louis, kila mmoja kivyake, walifikia wazo lilelile: dabo ya mapema, juu ya dau dogo, haina faida kubwa kama tishio. Ni nadra mtu kutaka kumwadhibu mpinzani aliyeahidi kidogo. Basi neno hilo lipewe kazi nyingine. Limwambie mwenzi: rangi yao sina, hizo nyingine ninazo, chagua wewe. Wazo hili ni kongwe kuliko mchezo tunaoucheza leo, maana Harold Vanderbilt aliunda kanuni za briji ya mkataba mwaka 1925. Kati ya yote yaliyovumbuliwa katika mchezo huu hakuna ninalolipenda kama hili. Neno lililokuwa la kumtisha mpinzani likawa la kumwita mwenzako, na halikubadilika hata herufi.

Nirudi mezani. Briji ina hesabu ya nguvu iliyoenezwa na Milton Work, kisha na Charles Goren: ree pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili, jeki moja. Karata zote 52 zina pointi 40. Mimi nilikuwa na kumi, robo kamili, na kumi si mali ya kujivunia. Tulikuwa hatarini, kama wanavyosema wachezaji, maana yake adhabu zetu zilikuwa za juu: tukipigwa dabo na kupungukiwa mzunguko mmoja ni 200, miwili 500, mitatu 800. Mwenzangu alikuwa amepasi. Aliyefungua mnada bado alikuwa na zamu nyuma yangu, na hakuna aliyejua kama ana pointi 12 au 19. Nikipiga dabo, mwenzangu atalazimika kutaja rangi hata kama mkono wake ni mtupu.

Wachezaji wengi hapo hupasi, na sababu zao huziona mkononi: pointi kumi hazitoshi. Nami nilipasi hivyo miaka mingi. Aliyenitoa huko ni huyo mwenzangu, mwalimu mstaafu anayenizidi umri kwa miaka 20, ambaye mimi humwita Mama naye huniita mwanangu. Aliniambia siku moja tukinywa chai: “Mwanangu, usihesabu ulizonazo tu. Hesabu na kopa zangu.”

Hebu tuzihesabu. Kopa ni 13. Mimi nina moja. Aliyefungua ana tano au zaidi, aliyempandisha ana tatu au zaidi. Wakiwa nazo nane, zinabaki nne, na zote ziko kwa Mama. Wakiwa nazo tisa, Mama ana tatu. Sasa tazama pasi yake ya mwanzo ilivyobadilika sura. Pasi ile haikuwa ishara ya umaskini. Mtu mwenye kopa tatu au nne hawezi kupiga dabo juu ya Moja ya Kopa hata akiwa na pointi kumi, kwa sababu dabo huahidi ufupi katika rangi hiyo. Mkono wake umemfunga mdomo. Nikipasi na aliyefungua naye akipasi, zamu itamrudia Mama akiwa na kopa zilezile nne, na kifungo kilekile.

Kwa hiyo mzigo wa kusema uko kwangu, na umewekwa na ile kopa moja, ya tano, karata isiyoweza kula chochote. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Wa kuthubutu si mwenye nguvu nyingi, ni yule aliyepungukiwa katika rangi ya adui, kwa kuwa yeye peke yake anaona kwamba karata zimegawanyika, na mwenzi wake haoni. Ningekuwa na pointi 13 na kopa tatu mkononi, ningepasi bila kujuta. Nina kumi na kopa moja, basi naomba.

Mfaransa Jean-René Vernes aliandika mwaka 1969 kwamba jumla ya mizunguko ambayo pande mbili zinaweza kula, kila upande kwa turufu yake bora, hukaribiana na jumla ya turufu za pande hizo. Wao wana kopa nane. Sisi tukiwa na rangi ya karata nane, jumla ni 16. Wakiweza kula minane kwa kopa, nasi tutakula minane kwa yetu. Kanuni hii si msahafu, hukosea kwa mzunguko mmoja huku na huku, lakini inaeleza kwa nini ni ghali kumwachia mpinzani alale na Mbili za Kopa.

Jambo jingine huwa halionekani kwa watazamaji. Uamuzi wote huu ufanyike kwa mwendo uleule wa siku zote. Ukisitasita, ukagusa kisanduku cha kadi za kutangazia, kisha ukapasi, umeshamwambia mwenzako kwamba unacho kitu, na sheria za briji zinamkataza kutumia alichokisoma kwenye kusita kwako. Katika mashindano makubwa huwekwa kabisa pazia la mbao kukatiza meza ili wenzi wasionane nyuso. Enzi za mnada wa mdomo hata sauti ya kutamka dabo ilipaswa kuwa moja. Kwa hiyo fikiri mapema, wakati wengine wanatangaza, na zamu ikifika mkono uende bila mbio wala kuchelewa. Namhusudu mchezaji mwenye mwendo huo kuliko mwenye kumbukumbu ya karata zote 52.

Nikatoa kadi nyekundu yenye X, nikaiweka mezani.

Wa kushoto akapasi. Mama akatoa Mbili za Shupaza, na hapo wote tukapasi. Alikuwa na shupaza nne, mfalme na jeki wakiwemo, kopa nne zenye malkia, na pointi kumi jumla. Alikula minane, pointi 110 kwetu. Wao pia wangekula minane kwa kopa, 110 kwao.

Wiki kadhaa baadaye nikapata mkono unaofanana na ule kama pacha. Mnada uleule, hatari ileile, kadi ileile nyekundu. Safari hii aliyefungua alikuwa na 19, na Mama alikuwa na malkia mmoja na takataka. Ilimbidi ataje Tatu za Pao. Wakatupiga dabo ya adhabu, tukapungukiwa mitatu. Nilitazama karata zake alivyozitoa moja moja, bila kuharakisha, akitafuta mzunguko wa ziada ambao haukuwepo, na shingo yangu ikapata moto.

Alichukua kalamu akaandika 800 upande wa hasara, mwandiko wake wa ubaoni, tarakimu zimesimama wima.

“Ulikuwa na kopa ngapi?” akauliza.

“Moja, Mama.”

“Basi ulifanya kazi yako. Ukipata nyingine kama hiyo, niite.”

Karata zilizofuata zikaja. Nikazigeuza, nikazipanga rangi kwa rangi, nikaanza kutafuta ile fupi.