Alien 3: Msiba Kama Msingi wa Hofu

Alien 3, filamu ya kwanza ndefu ya mwongozaji David Fincher, ilipotolewa mwaka 1992 iliwaudhi mashabiki wengi wa mfululizo wa Alien, kwa kuwa Hicks na mtoto Newt, walionusurika pamoja na Ripley, shujaa wa mfululizo huo, katika Aliens ya James Cameron (1986), wanauawa na ajali ya chombo chao kabla hadithi yenyewe haijashika kasi. Uchungu wao unaeleweka, lakini vifo hivyo ndivyo vinavyoibeba filamu nzima, na anayevikubali hupata kazi yenye huzuni nzito na uzuri wake wa pekee.

Uthibitisho mkubwa umo katika tukio la mazishi, ambapo Fincher alitumia uhariri sambamba, yaani kupishanisha picha za matukio mawili yanayotendeka mahali tofauti kwa wakati mmoja: huku miili ikitupwa katika tanuri la kuyeyushia madini, na Dillon, kiongozi wa kiroho wa wafungwa wa gereza ambako chombo kiliangukia, akinena juu ya uhai unaochipuka kutoka kifoni, kwingineko kiumbe muuaji kutoka anga za mbali anapasua mwili wa mbwa na kuzaliwa. Maneno ya faraja yanageuka kuwa tangazo la maangamizi bila mtu yeyote pale kujua, na muziki wa Elliot Goldenthal unaziunganisha sehemu hizo mbili hata ibada na uzazi vikawa kitu kimoja. Ni vigumu kupata dakika bora kuliko hizo katika mfululizo wote.

Gereza la sayari ya Fiorina 161 halina bunduki, hivyo wafungwa hulazimika kumvuta kiumbe kwa miili yao hadi kwenye mtego wa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Katika mbio hizo kamera yenye lenzi pana, ambayo huonyesha eneo kubwa na kuzikunja kingo za picha, inapita kwenye kuta na dari kana kwamba ni macho ya kiumbe mwenyewe. Hapa lawama moja ya mashabiki ni ya haki, kwa sababu wanaume wenye vipara katika korido zinazofanana ni vigumu kutofautishwa.

Kiumbe anayekimbia ni kikaragosi kilichoendeshwa kwa fimbo mbele ya pazia la buluu, kisha picha yake ikapachikwa juu ya picha ya mandhari. Mwendo wake ni wa mnyama hasa, ingawa mwanga wake mara nyingine haulingani na wa mahali alipo.

Atakayeitazama kwa mara ya kwanza achague toleo la mwaka 2003, lililorefushwa kwa takriban nusu saa, kwani humo imerudishwa habari ya mfungwa Golic anayemfungulia kiumbe aliyekwisha kunaswa.