Kamba na Kitovu: Nyangumi kama Mhusika katika Moby-Dick

Uhakiki mwingi wa riwaya ya Herman Melville, Moby-Dick (1851), humchukulia nyangumi kuwa ishara: ishara ya Mungu, ya uovu, au ya wazimu wa nahodha Ahab. Usomaji huo una mashiko, ila una gharama yake. Nyangumi akishageuzwa ishara, mwili wake hutoweka, na pamoja nao damu yake. Makala haya yanadai kwamba, kando ya kisa cha Ahab, riwaya imewapa nyangumi maisha yao wenyewe, na kwamba maisha hayo ndiyo yanayomhukumu msimulizi, Ishmael, ambaye naye ni mwindaji.

Ushahidi wa kwanza umo katika Sura ya 87. Mashua ya wawindaji inavutwa hadi katikati ya kundi kubwa la nyangumi karibu na mlangobahari wa Sunda. Pembezoni mwa kundi kuna fujo. Katikati maji yametulia, na chini yake mama wananyonyesha. Queequeg, mtupa chusa hodari, anaona kamba majini na kudhani kuwa ni ya chusa. Kumbe ni kitovu cha mtoto aliyezaliwa punde. Kosa hilo la jicho ndilo kiini cha riwaya: kazi imemfunza mwindaji kuona kifo hata pale uhai unapoanza. Hata hivyo, utulivu huo haumwongoi yeyote. Uwindaji unaendelea, na mwishoni mwa sura nyangumi mmoja tu ndiye anayepatikana.

Katika Sura ya 81 kejeli inakuwa kali zaidi. Anayewindwa ni mzee, kipofu, aliyepoteza pezi moja. Ishmael anatamka wazi kwamba hana budi kufa ili mafuta yake yawashe taa za harusi, na za makanisa yahubiriyo kutomdhuru yeyote. Flask analichoma jipu la mnyama huyo kwa kujifurahisha tu, na katazo la Starbuck linachelewa. Ndani ya nyama yake kunakutwa chusa cha zamani kilicholiwa na kutu, pamoja na ncha ya mkuki wa jiwe. Mwili wenyewe umekuwa kumbukumbu ya vizazi vya wawindaji. Kisha mzoga unazama, na mateso yote yanakosa hata faida iliyotumiwa kuyahalalisha.

Inawezekana kupinga kwamba huruma hii ni pambo tu, kwa kuwa Melville mwenyewe alisafiri katika meli ya kuwinda nyangumi mwaka 1841, na riwaya inausifu ushujaa wa kazi hiyo. Pingamizi hili lina uzito, na Sura ya 105 inalitilia nguvu. Humo Ishmael anauliza kama nyangumi wataangamizwa, naye anajibu kwamba hawataangamizwa. Anajiliwaza kwa mfano wa ndovu, ambao wamewindwa kwa maelfu bila kuisha, na kwa imani kwamba barafu ya ncha za dunia itakuwa ngome ya nyangumi.

Historia imezikanusha hoja zote mbili. Msomaji wa Kenya, ambako shehena ya pembe za ndovu iliteketezwa hadharani mwaka 1989, hawezi kuusoma mfano wa ndovu kama faraja. Nayo ngome ya barafu ilivunjwa: kituo cha Grytviken, katika kisiwa cha South Georgia, kilianzishwa mwaka 1904, kisha meli zilizokuwa viwanda kamili zikaingia bahari ya Antaktiki. Katika karne ya 20 nyangumi karibu milioni 3 waliuawa. Usitishaji wa uwindaji wa kibiashara uliamuliwa mwaka 1982 tu.

Hata hivyo, kukosea kwa msimulizi si kushindwa kwa riwaya. Ishmael anapohoji, anatetea biashara yake; anapotazama, anashuhudia kinyume cha utetezi huo. Hoja zake zimechakaa, lakini alichokiona hakijachakaa. Kwa hiyo kazi ya mhakiki si kuifasiri tu rangi nyeupe ya Moby Dick, bali pia kumrudia yule mzee kipofu asiye na jina, ambaye hakuwa ishara ya kitu chochote, na ambaye kwa sababu hiyo hasa uhakiki umempita bila kumwona.