Moyo wa Mtu na Moyo wa Taifa katika Sauti ya Dhiki

Kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii imezoeleka mno katika uhakiki wetu, hata huonekana haihitaji kuthibitishwa. Ikiwa ni sahihi, basi huzuni au furaha ya msanii haina budi kulingana na ya taifa lake kwa wakati ule ule. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha, kwa kuitazama Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, kwamba sivyo: mara nyingi moyo wa mtu hutangulia, na taifa huufikia baadaye.

Tuanze na mazingira ya diwani yenyewe. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akiilaumu serikali kwa jinsi ilivyokiandama chama cha upinzani cha KPU. Machi 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikitumikia Kamiti, karibu na Nairobi, na Shimo la Tewa, gereza lililoko Kisauni, upande wa bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Mtu wa kisiwani alivuka daraja la Nyali tu akafika huko. Kwa mfungwa, mji wa kwao ulikuwa karibu usiofikika.

Wakati huo uhuru ulikuwa haujatimiza miaka sita, na lugha rasmi ilikuwa ya Harambee. Hatudai kwamba nchi nzima ilikuwa na furaha. Tom Mboya aliuawa Julai 1969, na KPU ikapigwa marufuku Oktoba. Lakini manung'uniko yalisemwa kwa minong'ono. Hapa ndipo penye kasoro ya kauli ya kioo. Kile tukiitacho moyo wa taifa, aghalabu ni kile tu kinachoruhusiwa kusemwa kwa sauti.

Shairi la "Jipu" latufaa kuwa mfano. Kwa juu ni maumivu ya mwili mmoja. Lakini jipu huiva kwa muda wake, na mwenyewe huhisi uchungu kabla watu hawajaona usaha. Huenda msomaji akasema kwamba hicho ni kilio cha mtu binafsi tu. "Mnazi: Vuta N'kuvute" humjibu. Humo ndugu wawili wanagombania mnazi; dhiki ya mfungwa haitajwi, na ugomvi wa urithi wa nchi ndio unaobaki. Naye msemaji wa "Siwati" hakati tamaa, bali anashikilia msimamo wake. Dhiki ya diwani hii, basi, si unyonge; ni utambuzi uliowahi.

Taifa lilifika lini? Mwaka 1974 diwani ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, lakini mtunzi alikwisha kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na vyama vingi havikuruhusiwa tena hadi Desemba 1991. Swali lililomtia mtu mmoja gerezani lilihitaji miaka 22 kuwa swali linaloulizwa hadharani.

Ipo pia hali ya kinyume, ambapo taifa hutangulia kusahau. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, upande wa Likoni, wakafa watu zaidi ya 270. Msiba ukawa wa nchi nzima kwa muda, kisha ukarudi kuwa wa wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Basi ni juu ya mhakiki kutouliza tu kama shairi laafikiana na wakati wake. Aulize pia ni jambo gani ambalo wakati ule haukuthubutu kulitamka. Tukiendelea kupima mashairi kwa kioo, tutawahesabu walioona mapema kuwa wanung'unikaji, na waliobaki na majonzi yao kuwa wamepitwa na wakati. Hukumu zote mbili zitakuwa dhuluma.